Kuhusu Ile Laptop Mpya na Maneno ya Shemeji Yako

Iguguno Sokoni,
Mkalama, Singida.
21 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Enock,

Marahaba. Shikamoo yako najua iko mdomoni, basi nimeipokea mapema tusicheleweshane. Mko wazima huko Lusaka? Wifi yangu Severina yuko salama? Na mwanangu Andrea, kile kifua kimeacha kumsumbua? Mwambieni shangazi yake anamuuliza, tena anamuuliza kila siku, hata kama hamsikii.

Sisi tupo. Sikuandika hatujambo, kwa sababu jambo lipo, ila kwanza nimalize salamu kama tulivyofundishwa. Mama mkwe wangu, Mama Agripina, anakusalimu sana. Miguu inamsumbua lakini mdomo mzima kabisa. Rahel wangu yuko Dodoma kwenye mazoezi ya chuo. Anapiga simu kila Jumamosi, na akimaliza kuongea na mimi anaomba baba yake, halafu wote wawili wanakaa kimya kwenye simu mpaka vocha iishe.

Utashangaa kupata barua ya mkono zama hizi. Jumbe zako zote nimeziona, hata zile za sauti. Nikitaka kujibu kwa sauti nalia, nikitaka kuandika kwenye simu kidole changu kinabonyeza herufi tatu kwa mpigo. Gervas, yule dereva wa lori wa hapa kwetu, anaondoka kesho kuja huko kufuata mzigo, nikaona heri nimpe bahasha. Atakupa pia dumu la mafuta ya alizeti na kifuko cha mlenda mkavu. Mlenda ni wa Severina, usiumalize peke yako.

Alizeti mwaka huu tulipata kidogo. Mvua ilikata wakati vichwa ndiyo vinafunguka, na ndege wakamalizia kilichobaki. Sasa hivi ni upepo na vumbi tu, nguo ukianika nyeupe unaanua nyekundu.

Mwezi uliopita nilifika Kilimatinde. Nyumba yako imefika juu kwenye lenta, inasubiri mabati. Mama mdogo bado analala kwenye kile chumba cha zamani, na ufa wa ukutani umekuwa mkubwa hadi kuku wanapita. Hilo liweke akilini, maana nitalirudia.

Haya, tuje kwenye hiyo laptop. Enock, tangu ilipofika hapo dukani kwenu umenitumia picha zake kuliko ulivyowahi kunitumia za mwanao! Ya mbele, ya nyuma, ya ubavuni, ikiwa imefungwa, ikiwa imefunguliwa. Utadhani unaniletea mchumba.

Umesema ni toleo lililotoka juzijuzi tu. Ni nyembamba kama sahani, inakaa na chaji kutwa nzima, na ina hiyo akili mnemba, kwamba mtu anaongea na yenyewe inaandika. Umesema bosi wenu amewaruhusu wafanyakazi mchukue kabla hazijaisha, hivyo nikujibu upesi. Nakujibu. Lakini lazima nikueleze nimefikaje kwenye jibu, la sivyo utasema dada amezeeka, anaogopa vitu vipya.

Hii ya zamani unaijua, wewe ndiye uliyeileta. Bawaba moja imekatika, tumeifunga kwa mpira wa baiskeli. Betri ilikufa siku nyingi, umeme ukikatika nayo inazima na kazi ya mtu inapotea. Asubuhi nikiiwasha nafagia duka, nafagia na kibaraza, napanga madumu ya mafuta nje, ndipo nayo inaamka. Wateja hawana subira hiyo. Ng'ambo ya barabara imefunguliwa steshenari nyingine yenye mashine ya rangi, na watu wangu wanavuka wakijifanya hawajaniona. Siwalaumu. Hata mimi ningevuka.

Kwa hiyo ukiniuliza kama duka linahitaji kompyuta mpya, linahitaji, hakuna ubishi. Lakini lile duka lilikuwa Peniel. Wewe unamkumbuka shemeji yako akiwa na maneno yake, na mimi nataka nikukumbushe alivyokuwa anafanya kazi, maana ndiko jambo lilikoanzia.

Mtu akifiwa, ndugu walikuja na kikaratasi: alizaliwa mwaka fulani, ameacha mjane na watoto kadhaa, chapa hiyo. Peniel alikiweka pembeni. Aliwaketisha kwenye benchi, akawaacha waongee Kinyiramba wao, wakilia, wakibishana, wengine hata wakicheka, na yeye huku anasikiliza, vidole vinaandika Kiswahili. Hakuwauliza mara mbili. Siku ya mazishi wasifu ukianza kusomwa, hata wale waliokaa nyuma kabisa wakipiga soga walinyamaza. Watu wa Iguguno walikuwa wanasema ukifa bila kuandikwa na Peniel umekufa vibaya.

Na nyumbani unakumbuka sheria yake. Siku ya harusi ulikuwepo, aliposimama mbele ya ukoo wake akasema ndani ya nyumba yangu ni Kiswahili tu, mke wangu ni Mgogo, sitaki akae kama bubu kwenye sahani yake mwenyewe. Wazee walinuna, na mama yake alinuna kuliko wote. Lakini walitii. Mimi nilitembea kifua mbele, nikajiona nimeolewa na mwanaume hasa. Rahel tukamlea hivyohivyo. Ndiyo maana mpaka leo, na mvi hizi, Kinyiramba changu ni cha salamu na cha kununulia nyanya.

Ulikuwa upendo, Enock. Hapo hakuna wa kulaumiwa, na ndiyo maana panauma.

Kiharusi cha kwanza, kile cha wakati wa palizi, kiliua mkono wake wa kulia na kikaondoka na Kiswahili chote. Daktari alinieleza kwamba kichwani lugha hazilali chumba kimoja, moja inaweza kuungua nyingine ikabaki. Mimi nasema Kiswahili cha Peniel kilikuwa mkononi, mkono ulipokufa kikafa nao. Alipofungua mdomo tena kilitoka Kinyiramba kitupu, kile cha ndani, cha wazee. Nilipiga vigelegele wodini hadi muuguzi akanikaripia, na neno lenyewe nililokuwa nalishangilia sikulielewa. Nilidhani na langu litafuata.

Halikufuata. Mwezi wa sita kikampitia kingine, kidogo, hata hakuanguka, alisimama tu mlangoni kama aliyesahau anakwenda wapi. Daktari akasema tusitegemee arudi alikokuwa. Akasema hivi vidogovidogo vitaendelea kuja, na kila kikija kitaondoka na kitu.

Tangu hapo mkalimani wangu ni mama mkwe. Sasa fikiria mambo yenyewe. Peniel ananitazama usoni, anaongea, anaongea mpaka jasho linamtoka, utadhani anahubiri. Namgeukia Mama. Mama anasema, "Anataka uji." Lo! Uji gani huo wenye maneno yote hayo? Nikimbana anainuka na fimbo yake, anasema anakwenda kuangalia kuku.

Na hata kama angetafsiri yote, kuna maneno ya mume na mke ambayo hayapiti kwa mama mkwe. Mimi nilitaka kujua kama anaogopa. Kama ananilaumu kwamba nilichelewa kumpeleka hospitali. Kama mkono unamuuma au umekufa ganzi. Nilitaka aniambie neno moja tu ambalo ni langu, si la mama yake. Utaniuliza kwa nini nisiite majirani, wote si Wanyiramba? Majirani waje kunisimulia mume wangu ananiambia nini? Hapana. Aibu bado ninayo.

Ndipo ukatuma ule ujumbe kwamba imetoka kompyuta inayomsikiliza mtu akiongea, inaandika, tena inatafsiri lugha nyingi za dunia. Mdogo wangu, nilikaa chini hapohapo kwenye mifuko ya mashudu. Sikuwaza duka wala wateja. Niliwaza kwamba Peniel ataongea na mimi nitasoma. Nikakuandikia ndiyo, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Niliogopa kutumaini bure, maana nimeshatumaini bure mara nyingi mwaka huu.

Jumanne akapita dukani Paschal, bwana shamba wa mradi wa alizeti, kutoa kopi. Akachomoa kompyuta kwenye begi lake. Ilikuwa hiyohiyo, Enock, ile ya picha zako, mradi umewagawia. Nilimganda kama kupe. Nikamwomba aniachie dakika chache, mume wangu aongee nayo, na yeye kwa uungwana wake akakubali.

Kwanza nikaongea mimi. Nikasema naitwa Dina, kwetu ni Kilimatinde, nimeolewa Iguguno, na mafuta ya alizeti yapo. Ikaandika yote, na nukta ikaweka mahali pake. Wateja wakapiga makofi. Mimi nasema moyoni leo ndiyo leo.

Tukamtoa Peniel ndani, tukamketisha kwenye kiti chake cha kazi. Alipoiona uso ulimfunguka, hata akaipapasa ubavuni kwa ule mkono mzima. Akainama, akaongea polepole, kwa ile sauti yake ya kuwasomea wafiwa kabla hajawapa karatasi yao. Kialama kikazunguka, kikazunguka. Kisha ikaanza kuandika upuuzi, vipande vya Kiswahili visivyo na kichwa wala miguu, majina ya miji, tarakimu. Paschal akafungua orodha ya lugha, tukaishuka pamoja mpaka mwisho. Zipo za Wachina, zipo za Wahindi, nyingine watu wake sijawahi hata kuwasikia. Kinyiramba hakuna. Kinyaturu hakuna. Kigogo chetu hakuna. Akaichagulia lugha ya nchi jirani, akasema labda zitakaribiana. Ikazidi kuharibu.

Peniel alikuwa anasoma. Sijui kama anaelewa, au macho yake yanajua tu pasipo sawa. Mtu ambaye hakuwahi kuiachia koma ikae vibaya alitazama yale makapi yaliyoandikwa kuwa ni maneno yake. Akapeleka mkono wa kushoto, akakitafuta kitufe cha kufuta, akakibonyeza taratibu mpaka ukurasa wote ukawa mweupe. Kisha akaukunja mkono wake mapajani. Paschal akaniomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyeitengeneza, masikini, na kopi zake akazisahau mezani.

Hapo bado sikuwa nimekata tamaa, usinicheke. Nilijiambia Enock kasema kila toleo wanaongeza lugha, basi aninunulie hii, nisubiri, siku moja watakifikia Kinyiramba. Na nikajiambia nimrekodi Peniel kwenye simu kuanzia sasa, kabla hakijampitia kingine, ili maneno yawepo yakisubiri mashine ijifunze. Niliona nimepata akili kubwa kweli.

Nikamrekodi siku ya pili yake. Alikuwa ameketi kibarazani, mimi nimesimama mbele yake na beseni la kumnawisha, simu nimeiweka dirishani. Mama yake alikuwa pembeni anachambua mchele. Peniel akaongea kwa kirefu, sauti nzuri, ya upole, ananitazama mimi tu. Nikasema haya sasa, haya ndiyo yangu. Mama akasema anataka uji.

Nilikaa na ile simu siku mbili. Jana uvumilivu ukaniishia. Nilimeza aibu yangu nikampelekea Asnath, anayeuza nyanya pembeni ya duka letu, Mnyiramba wa hapahapa, na ni mtu wa kutunza siri. Akasikiliza, akanirudishia simu, akasema haisikiki vizuri. Nikamwambia inasikika, Asnath, usinifiche. Akaanza kupanga nyanya zake upya, zile zile zilizokwisha kupangwa. Ndipo akaniambia, bila kunitazama.

"Anaongea na mama yake. Anasema, Mama, huyu mgeni amesimama mno, mpe kiti. Anasema ni mtu mwema, ananinawisha, ananilisha, lakini ametoka mbali. Mruhusuni arudi kwao. Ana mume huko, atakuwa anamsubiri."

Ndiyo hayo, Enock. Ndiyo maneno niliyokuwa nayatafuta kila kona, niliyokuwa nataka uyanunulie kompyuta.

Mama mkwe alikuwa anajua. Wakati wote ule wa uji na kuku alikuwa anajua. Sikumuuliza na sitamuuliza. Mwanamke ambaye alininunia siku ya harusi yangu ndiye aliyekuwa ananisitiri, na mimi nilikuwa namsengenya kwamba hajui kutafsiri. Jana jioni nilimkanda miguu yake kwa mafuta, akanikubalia.

Sasa niambie mwenyewe, laptop ya nini? Hata wakiifundisha Kinyiramba kesho asubuhi itaniandikia nini? Itaniandikia hayohayo, kwa herufi nzuri.

Kwa hiyo jibu langu ni usinunue. Usinitafutie nyingine ya bei nafuu, usiniambie nisubiri toleo la mwakani, na picha usinitumie tena. Hicho ulichotaka kukitia kwenye kompyuta nunulia mabati, mvua zisimkute mama mdogo na ufa wake. Duka nitakwenda nalo na hii ya mpira wa baiskeli mpaka siku itakapogoma, na ikigoma nitafunga. Mafuta na vocha nitauzia kibarazani. Nimechoka kutumaini, Enock. Ugonjwa nimeuzoea, matumaini ndiyo yananiumiza.

Na usinijibu kwamba Mungu ana makusudi yake. Hayo mchungaji ameniambia leo asubuhi mlangoni, nikamwitikia, inatosha. Wewe ukisoma hapa nyamaza kidogo, ndivyo utakavyonisaidia.

Najua unajiuliza nafanyaje sasa, nikishajua. Leo nimetoka ibadani na kitenge changu kipya, nimemkuta kibarazani. Nimepiga hodi. Nyumbani kwangu, nilikozalia, nimepiga hodi. Amefurahi kweli, amenyoosha ule mkono mzima kunionyesha kiti. Nimemwamkia kwa Kinyiramba, hicho cha salamu si ninacho, nikaketi. Akaniuliza jambo, nadhani ni habari za nilikotoka. Mama alikuwa bado njiani, hakuna wa kutusaidia. Basi nikamjibu kwa Kigogo, nikamwambia mume wangu yupo, anaumwa, ni mtu wa maneno mazuri, na sitamwacha. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, anaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama unavyomsikiliza mtu wa safari.

Wasalimie Severina na Andrea. Ukiongea na mama mdogo mwambie nitamletea blanketi. Mama mkwe anawasalimu, Rahel anawasalimu, Asnath naye anasema mpokee salamu ingawa hamjamwona. Hapa ndipo huwa naandika kwamba Peniel anakusalimu. Nimekaa na kalamu muda mrefu, nimeona nisimsemee.

Mungu awalinde, wewe na mkeo, na kama kuna kuzeeka basi awape kuzeeka mnasikilizana.

Akupendaye hata anapokukatalia,
dada yako,
Dina